Dakika za Ziada Zisimpite Mtoto

Kila Septemba watahiniwa wa darasa la saba wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hukabidhiwa fomu ya majibu inayosahihishwa kwa mashine. Mtoto anasoma swali, anachagua herufi, kisha anaweka kivuli kwa penseli kwenye kiduara chake. Akibadili mawazo, afute vizuri.

Kwa mwenye macho mazima hiyo ni kazi ndogo. Mtoto mwenye ualbino, ambaye pua yake inakaribia kugusa dawati ili aone, anakutana na jambo jingine kabisa. Viduara vinaungana. Jibu la swali la 17 linatiwa kivuli kwenye mstari wa 18, na kuanzia hapo kila jibu linaangukia pasipo pake. Hesabu anaijua, ila mashine haina namna ya kulitambua hilo.

Baraza la Mitihani la Tanzania limeweka utaratibu kwa ajili ya watoto hawa. Wasioona huandaliwa mtihani wa nukta nundu, na wenye uoni hafifu hukuziwa maandishi. Kila saa moja ya mtihani wa Hisabati huongezwa dakika 20, na kila saa ya masomo mengine dakika 10. Ni utaratibu mzuri, tena unaendana na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Lakini utaratibu huo humfikia yule tu ambaye shule yake imemsajili kuwa ana mahitaji maalumu, na hapo ndipo watoto wengi wanapopotea. Asiyeona kabisa anajulikana tangu siku ya kwanza, na mzazi ataelekezwa Mwisenge, Musoma, shule aliyosoma Mwalimu Nyerere, yenye kitengo cha wasioona. Anayesahaulika ni yule anayesikia nusu nusu, au anayeona ubao kama ukungu. Amekaa nyuma, darasa limejaa, mwalimu akiita hajibu. Anaitwa mkaidi, kisha mzito. Upimaji wa darasa la nne unamwangusha, anarudishwa nyuma mwaka mzima, na sikio lake ni lile lile. Kumrudisha darasa mtoto ambaye hajawahi kupimwa masikio ni kumwonea.

Kuna pia shinikizo la wastani wa ufaulu. Tangu mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa 2013, shule zilizoea kupangwa kwa nafasi. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, hatua iliyostahili pongezi. Hata hivyo wastani wa shule haujaacha kuwa kitu cha kwanza ambacho mzazi na ofisa elimu hukiangalia. Mwalimu mkuu anayehukumiwa kwa namba moja atawapa muda wake watoto walio karibu kufaulu, si huyu anayehitaji karatasi kubwa na subira. Lawama isimwangukie mwalimu peke yake. Kipimo ndicho kinachomsukuma.

Halmashauri hazina sababu ya kusubiri Dodoma. Mitihani ya utimilifu huandaliwa mkoani na wilayani, kwa hiyo Tarime na Serengeti zinaweza kuanza hapo. Karatasi ya A4 hukuzwa kuwa A3 kwa mashine ya kawaida ya fotokopi. Mtoto aliyezoea karatasi hiyo na muda wa ziada tangu darasa la nne hatavishangaa Septemba. Wauguzi wa zahanati za kata wanaweza kupima macho na masikio kila Januari watoto wanapoandikishwa, na majibu yakaingizwa katika kumbukumbu za mwanafunzi, zile zile zinazotumika kumsajili kwa mtihani. Tarime ina mgodi wa North Mara, na fedha za uwajibikaji wa mgodi kwa jamii zimeshajenga madarasa. Sehemu yake inunue lenzi za kukuzia na vifaa vya kusaidia usikivu.

Wakati unaruhusu. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi itaishia darasa la sita, na watoto walioanza nao darasa la tatu watamaliza mwaka 2027. Upimaji wao bado unaandaliwa. Walimu wa elimu maalumu na wazazi wa watoto wenye ulemavu wa Mara waitwe mezani sasa, kabla fomu mpya haijachapishwa na viduara vidogo vile vile.