INJINI IKICHEMKA, DEREVA ASIKATWE MSHAHARA



Wako mabwana wasemao kwamba injini ikichemka ni ujinga wa dereva, na kwa neno hilo tu mwenzetu hukatwa mshahara mwisho wa mwezi. Sisi twawauliza: mbona huko Marekani na Kanada, penye theluji ya kufika magotini, injini huchemka vile vile?

Gari la kusukuma theluji hufungwa bamba pana la chuma mbele. Dereva akimaliza mtaa mmoja huliinua bamba ili aende mtaa wa pili, nalo lasimama mbele ya rejeta kama mlango uliofungwa. Upepo hauingii, wapita juu ya boneti. Mshale wa moto wapanda, na nje baridi yagandisha maji ndooni! Madereva wa huko wanajua dawa yake: hulishusha bamba kadiri barabara inavyoruhusu, huligeuza upande, wala hawaendi mbio. Theluji iliyoziba wavu wa mbele huiondoa. Lakini feni ikiwa dhaifu, kuibadili ni kazi ya mwenye gari.

Na kwetu je? Tajiri mmoja, hatumtaji, amefunga ubao wa jina la kampuni mbele ya rejeta za malori yake, na juu ya ubao mataa manne. Lori limejaa shehena, lapanda kutoka Mai Mahiu kwa gia ndogo, mwendo wa mtu kwa miguu. Huko juu, kupita futi 7,000, maji hayangoji digrii 100. Kifuniko cha rejeta kikiwa kibovu, yachemka kwenye 93 hivi. Kifuniko hicho alikinunua dereva? Ubao aliuomba yeye?

Dereva aonaye mshale umefika pekundu naye azidi kukanyaga mafuta, huyo hatumtetei. Aliyesimama kando, akazima injini na kungoja ipoe, ameokoa mali ya tajiri, naye ndiye aliyekatwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. La kusudi, mabwana!

Kila aliyekatwa na alete karatasi yake ya mshahara kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao, na aandike siku ile mbele ya rejeta kulikuwa na nini.