Marehemu Gani Mwenye Nguo Nyingi Hivi?

Juzi kwenye mazishi hapa Budondo, udongo haujarudishwa kaburini, mchungaji alimwacha marehemu wetu akawageukia marehemu wa Ulaya. Wale wanafunzi wanaopita kwa mafundi wakiomba vipande vya nguo kwa ajili ya utafiti wao, alisema, wanatukusanyia mapepo, maana mivumba, yaani mitumba, ni nguo za wafu. Watu wakajibu amina. Mimi nilikuwa nimelikodolea macho koti lake: sufu nzito, bitana inayong'aa, koti la baridi ambayo Jinja haijawahi kuionja.

Hakuyatunga yeye. Agosti 2023, Rais Museveni akiwa Mbale, kwenye eneo la viwanda la Sino-Uganda, alitangaza vita na mivumba akatueleza kwamba mzungu akifa nguo zake hukusanywa zikaletwa Afrika. Basi likawa somo la taifa.

Haya, tumchunguze huyo marehemu. Fungua robota lolote sokoni Jinja: kuna kaptura za mtoto wa miaka mitatu, fulana za mbio za hisani, sidiria, suruali ambayo karatasi ya bei bado inaning'inia. Alikufa lini huyu, kabla au baada ya kutoka dukani? Wazungu hawafi kwa kasi hiyo. Wananunua kupita haja, wanachoka nazo, wanazitoa, wanarudi dukani. Wako hai, wazima, na ndiyo maana robota jingine liko njiani.

Uongo huu ungenichekesha tu kama usingetufanya tuamini kwamba tambara ni mgeni, limekuja kwa meli. Ingia kwa fundi yeyote msimu wa harusi. Gomesi moja, lile vazi refu la wanawake, hula mita tano, sita za kitambaa, na chini ya cherehani hubaki lundo la vipande vya hariri bandia, vyembamba, vinavyoteleza, vilivyonasana na nyuzi. Nani amekufa hapo? Mwenye gomesi yuko mlangoni anabishana bei! Jioni fundi huvitumbukiza chooni au huvitia kiberiti. Poliesta haiozi, na ukiichoma inayeyuka na kunata kama lami. Vipande hivyo ndivyo wanafunzi wanavyoviomba: wanatenga pamba na poliesta, wanatafuta kipi kijaze mto, kipi kisukwe mkeka, kipi hakifai kitu. Mapepo yako wapi?

Na sare za shule je? Anakuja mwalimu mkuu mpya, rangi ya sweta inabadilika, na jipya lazima ulinunue stoo ya shule kwa bei ya stoo ya shule. La zamani, zima kabisa, linageuka dekio. Hilo sijasikia likihubiriwa.

Kuna wanaosema tupige marufuku mivumba na taka zitakwisha. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, tuliipiga marufuku mwaka 2009, na leo asubuhi rolex yangu, chapati iliyoviringishwa na mayai, nimefungiwa ndani yake. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mivumba iishe kufikia 2019. Marekani ikakunja uso na kututishia AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, sisi tukanywea. Rwanda peke yake ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru. Na hata kama kila kitambaa kingetoka kiwanda cha Nytil, hapo Njeru ng'ambo ya mto, mkasi wa fundi ungeacha vipande vilevile.

Na kuchunguza vitambaa si jambo geni: Chuo Kikuu cha Busitema, huku huku mashariki, kinafundisha uhandisi wa nguo, na sijasikia wahadhiri wake wakiombewa. Kampala kuna Bobby Kolade na lebo yake ya Buzigahill: anakata mivumba, anaishona upya, anaiuza kwa haohao walioitoa. Wananunua kwa bei ya juu, na hakuna aliyelalamika kwamba marehemu wake amerudi.