Habari ya kartie yetu tuiandike sisi wenyewe

Ndugu na dada wa Lubumbashi,

Mwaka 1965, papa mmoja wa mji huu, André Yav, aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu. Hakuwa profesa. Aliandika kwa niaba ya wale waliofanya kazi ya uboyi kwa Wazungu. Watu waliopika, waliofua, waliosikia yote wakiwa jikoni, njo walieleza mji huu ulijengwa namna gani. Maprofesa wa Ulaya wameisoma kazi hiyo. Sisi wenye diplome za hapa, ni wangapi tumeisikia?

Tunauliza juu mji huu ulichorwa kwa mstari. Ulipoanza mwaka 1910, Wazungu walijiwekea katikati. Weusi walipelekwa kando, na baadaye katika Cité Albert, Kamalondo ya leo. Kati ya pande mbili wakaacha eneo tupu, wakaliita «zone neutre». Sababu waliyotoa ilikuwa afya: mbu asitoke kwa Mweusi akapelekea Mzungu malaria. Yaani afya ya mmoja ililindwa, na mwenzake akahesabiwa kuwa ugonjwa. Kambi ya wafanyakazi wa Union Minière nayo ikawekwa karibu na kiwanda cha kuyeyusha shaba. Rangi, nyumba na ugonjwa vilifungwa kwa kamba moja.

Uhuru haukufuta mstari ule. Leo unaangalia zaidi mfuko. Mwenye pesa anachimba forage ya mita nyingi, ama anahama mbali na vumbi. Masikini anabaki na kisima chake, hata maji yakibadilika rangi. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walionyesha kwamba mtoto ambaye baba yake anafanya kazi ya madini iko na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro. Novemba 2025, maji machafu ya kampuni moja ya madini yalimwagika hadi kwenye makao ya watu, na Leta ikasimamisha kazi za kampuni hiyo.

Lakini kati ya ajali kubwa moja na nyingine, nani anaandika? Mama mmoja wa Ruashi alituambia: «Nikiendaka ku lopitalo, banauliza mutoto iko na nini. Hakuna mwenye anauliza tunaishi wapi.»

Swali hilo tunalichukua kuwa kazi yetu. Tunaanza avenue kwa avenue, daftari mkononi. Tunaandika tarehe, rangi ya maji, nani anakohoa na tangu lini, nani aliambiwa aache parsele yake na alionyeshwa karatasi gani. Mwenye habari asomewe kile tulichoandika kabla ya mtu mwingine. Jina lake likae siri akitaka. Hatutafanya kama wale wanaokuja na gari, wanapiga picha ya mtoto, wanarudi kwao.

Habari moja wataiita bahati mbaya. Habari ishirini za avenue moja, zenye tarehe, ni ushahidi. Ila ushahidi ukilala ndani ya daftari hausaidii mtu. Kwa hiyo wenye habari wenyewe waende nayo pamoja kwa shefu wa kartie, kwa bourgmestre, hadi mairie, wakishika Katiba yetu: kifungu cha 48 juu ya nyumba yenye kustahili na maji safi, kifungu cha 53 juu ya mazingira yenye afya. Sisi tutatembea nyuma yao.

Tunajua woga uko. Katika nyumba nyingi, kampuni yenye kuleta vumbi njo inaleta pia unga. Hatuombi papa yeyote aache kazi. Tunasema tu kwamba mshahara si bei ya mapafu ya mtoto wake.

Na wewe kijana unayekaa na diplome ukingojea kazi kama sisi, unajua kuandika, na avenue yako unaijua kuliko mtaalamu yeyote. Anza na mlango wa jirani. Maboyi waliandika mji mzima kutoka jikoni. Sisi tuko na telefone mfukoni, tutajitetea kwa nini?

Kartie yetu, sauti yetu, haki yetu.