Ng'ambo ya Nani?

Kuusifu mji wa Unguja, kwa washairi wengi na wanainsha wengi, ni kuusifu Mji Mkongwe. Milango ya nakshi, misumari ya shaba, roshani, vichochoro na upepo wa Forodhani vimeimbwa hata sifa zenyewe zikachakaa. Ng'ambo, yaani mitaa inayoanza pale mtu amalizapo kuivuka barabara ya Darajani, hutajwa kwa kupitiwa tu, kama kwamba ni njia ya kuendea shamba. Ada hii ni dhuluma, nayo imedumu mno. Swali la haki si wapi pazuri pa kutazamwa, bali wapi pema pa kuishi. Na likiulizwa hivyo, jawabu lake ni Ng'ambo.

Wahenga walikwisha kulitolea hukumu jambo hili: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waliosema hivyo hawakuwa wageni wa milango mizuri. Walikuwa watu wa pwani, waliojua thamani ya msaji na kazi ya fundi wa nakshi, na ndiyo maana onyo lao lina uzito. Ajabu ni kuwa methali hii hukaririwa na kila mtu, kisha wapenzi wa Mji Mkongwe wakaendelea kusimama mlangoni, wakahesabu misumari, wakaondoka wakidhani wameujua mji.

Tuhuma ya kwanza imo katika jina lenyewe. Palikuwapo hori la bahari lililoingia kutoka kaskazini na kuitenga rasi ya Shangani na sehemu nyingine ya kisiwa, na daraja lililovuka hapo ndilo lililoacha jina la Darajani. Upande wa magharibi zilisimama nyumba za mawe na chokaa. Upande wa mashariki zikaenea nyumba za boriti, udongo na makuti. Hori limekwisha kufukiwa tangu karne ya 20, na leo juu yake hupita magari. Jina halikufukiwa. Lakini ng'ambo ya nani? Aliyesimama Mwembetanga akatazama machweo, ng'ambo yake ni Shangani. Neno hili si la jiografia. Ni kipimo cha mwenye nguvu, aliyejiweka katikati kisha akawaita wengine wa upande wa pili. Utawala wa Kiingereza ulikipenda kipimo hicho, ukaihesabu Ng'ambo kuwa makazi ya wenyeji, yaani ya watu wasiodai mengi. La kusikitisha ni kwamba Waingereza wameondoka, na kipimo chao bado kinatumiwa na wenye kalamu.

Hao wasiodai mengi walidai. Baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe kupigwa marufuku kisheria mwaka 1897, Ng'ambo iliwapokea walioachwa huru, ikawapokea wa bara, Wangazija, Wahadhrami maskini na watu wa shamba. Wengi walimiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwenzio, na kodi ya kiwanja hailali. Mwaka 1928 waligoma kuilipa. Huo ni mji uliojifunza uraia kabla ya kupewa uraia. Na mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mkaazi wa Ng'ambo, alisafiri na wenziwe hadi Bombay kurikodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Taarabu iliyokuwa imezoea kuimbwa kwa Kiarabu katika kasri ilipata ulimi wa Kiswahili kwa kupitia mitaa ambayo hadi leo wapenzi wa taarabu huiona haina ushairi. Huku ni kuyanywa maji na kukitukana kisima.

Ushairi wa Ng'ambo umo hata katika majina ya mitaa yake. Mwembeladu, Miembeni, Mwembeshauri, Mwembetanga: huu ni mji uliojipa majina kwa miti ya vivuli, kwani chini ya mwembe ndipo watu walipokutana. Raha Leo, Kidongo Chekundu, Matarumbeta: nani alihitaji diwani ya kumfundisha kuyapenda maneno hayo?

Yatazamwe sasa maisha yenyewe. Katika Ng'ambo mkaazi hununua vitumbua, mkate wa ufuta, samaki na mafuta ya taa kwa jirani yake, kwa bei ya jirani, na siku asiyonacho huandikwa daftarini. Mtoto hucheza uwanjani na kila mtu mzima ni mzazi wake. Kukiwa na msiba, turubai hufungwa njiani na njia hufungwa, na hapana anayelalamika. Baraza ni ya bao, karata na kahawa, wala haikuwekwa pale ili ipigwe picha. Katika Mji Mkongwe mambo hayo yalikuwapo, na kwa baadhi ya mitaa yangalipo. Lakini nyumba baada ya nyumba imegeuka hoteli, duka la vinyago au mkahawa ambao jirani hawezi kumudu kikombe chake cha chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Haikusemwa mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Wapo watakaojibu kuwa Ng'ambo imejaa, mitaro haitoshi, na masika yakipiga mabondeni maji huingia hadi chini ya kitanda. Ni kweli, na mwenye kuipenda Ng'ambo hana sababu ya kuificha kweli hiyo. Lakini mafuriko ni hoja ya kudai mitaro, si hoja ya kuwadharau wanaofurikiwa. Tena dharau ndiyo inayozaa ukosefu wa mitaro, kwani mahali pasipohesabiwa kuwa na thamani hapaonewi uchungu.

Wengine watayanyoshea kidole majumba ya Michenzani. Majumba hayo yalianza kuinuka mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mpango uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yakapita katikati ya mitaa kama garimoshi lililosahauliwa relini. Kwa ajili yake nyumba nyingi zilivunjwa, na wanawake waliokuwa na uwani wakabaki na ngazi na ndoo za maji za kupandisha. Lawama hizo ni za haki. Hata hivyo, ahadi ya Mapinduzi kwamba mtu wa Ng'ambo naye astahili nyumba ya mawe haikuwa ahadi ya kuchekwa. Na wakaazi walifanya jambo ambalo mchoraji hakulichora: waliiteremsha baraza chini ya majumba, wakaweka viti, meza za biashara na soga. Saruji ya kigeni ikafundishwa adabu za mtaa.

Hapana katika haya kinachodai Mji Mkongwe utupwe. Uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, nao ulistahili. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Jumba lililosifiwa kuliko yote ndilo lililoanguka. Sifa haikuwahi kuzuia ukuta usianguke. Kinachouhifadhi ukuta ni chokaa kinachopakwa upya kila upatapo kuchakaa, na mtu aishiye ndani anayeona ufa ungali mdogo. Mji Mkongwe usio na wakaazi wake utakuwa ganda la kombe: zuri mkononi, tupu ndani. Kwa hivyo anayeupenda kwa dhati hana budi kuitazama Ng'ambo kwa makini, kwani huko ndiko yalikohamia yale yaliyoufanya uwe mji.

Na Ng'ambo nayo imo hatarini. Katika miaka ya 2010 mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo uliwashirikisha wenyeji kuonyesha mahali wanapopathamini, na hiyo ilikuwa hatua ya heshima. Lakini ardhi iliyo karibu na bandari na soko haikosi wa kuitamani, na majengo mapya ya vioo hayaulizi mwembe ulipandwa na nani. Nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele, ukumbi kati na uwani nyuma haina wa kuililia, kwa sababu haina mlango wa nakshi. Ikibomolewa hapatakuwa na wimbo wa maombolezo.

Hapo ndipo ilipo dhamana ya washairi. Serikali huhifadhi kile ambacho watu wameonyesha kukithamini, na watu hujifunza kuthamini kwa kuimbiwa. Mashairi mengi yameusaidia Mji Mkongwe kupata ulinzi wake. Ng'ambo inadai deni lake. Isiimbwe kwa huruma, kama maskini apewaye sadaka, wala kwa uongo unaoficha maji ya masika. Iimbwe kwa majina yake, kwa kahawa yake na kwa mgomo wake, na ulizwe kila anayeiita ng'ambo: yeye amesimama upande gani?