Reli si ya Shaba Peke Yake

Tarehe 14 Julai 1976 Serikali za Tanzania na Zambia zilikabidhiwa rasmi reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Wananchi waliiita Reli ya Uhuru, na jina hilo halikuwa pambo. Walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia utawala wao mwaka 1965. Zambia ilikuwa imebanwa kila upande, na shaba yake ilitegemea njia zilizoshikwa na walowezi hao, makaburu na wakoloni wa Kireno. Kabla Jamhuri ya Watu wa China haijakubali mwaka 1967 kutoa mkopo usio na riba, Benki ya Dunia na mataifa makubwa ya Magharibi yalikwisha kulikataa wazo la reli hiyo. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba haitaleta faida.

Hoja hiyo haijafa. Wakati ule ilitolewa na wataalamu wa kigeni dhidi ya ukombozi wa Afrika. Leo inatolewa na baadhi ya Watanzania, tena wenye elimu iliyolipiwa na jasho la wakulima na wafanyakazi, dhidi ya treni za abiria wa pembezoni mwa Dar es Salaam. Kwa fikra zao, reli ni ya shaba, makontena na safari za mbali. Mfanyakazi anayekaa Chamazi na kufanya kazi Kariakoo au bandarini wanamwachia daladala, na wanaona kwamba shauri lake limekwisha.

Lazima ieleweke kwamba shauri hilo halijakwisha. Mwaka 1978 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 843,090. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Sehemu kubwa ya watu walioongezeka haikupata nafasi katikati ya jiji. Walikwenda walikomudu kununua kiwanja au kupanga chumba: Mbagala, Chamazi, Msongola, Kivule, Majohe. Chamazi, ambayo zamani ilikuwa mashamba ya minazi, mihogo na mikorosho, leo ni mji kamili wenye shule, masoko na hata uwanja wa mpira unaotembelewa na timu kutoka nchi nyingine. Kitu ambacho haina ni stesheni.

Matokeo yake yanajulikana kwa kila kabwela wa huko. Mkazi wa Mbande au Kisewe hutoka nyumbani kabla ya alfajiri, akapanda basi mpaka Mbagala Rangi Tatu, kisha akatafuta jingine la kumfikisha mjini kwa barabara ya Kilwa. Jioni huirudia safari hiyo kinyumenyume. Nauli mara mbili asubuhi na mara mbili jioni ni sehemu ya mshahara wake. Saa anazosimama kituoni hazihesabiwi na mwajiri, lakini zinatoka katika maisha yake: ni saa za kulala, za kukaa na watoto, za kuhudhuria mkutano wa mtaa. Ilhali upande wa pili wa Kivule na Kitunda, reli ya TAZARA inapita kutoka jijini kuelekea Mwakanga na Kisarawe. Chuma kipo na tuta lipo. Kilichokosekana ni uamuzi wa kumpelekea mwananchi huduma.

Kasoro hii ina historia. Wakoloni wa Kijerumani walipoanza mwaka 1905 kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, hawakuwa na haja ya kumpeleka Mwafrika kazini. Walitaka kuchota mali ya bara na kuifikisha melini. Mwafrika alitakiwa akae Uswahilini na kwenda kazini kwa miguu. Waingereza walirithi mpango huo na hawakuubadili. Kwa hiyo stesheni za pembezoni ziliwekwa kwa mahitaji ya injini na mizigo, si kwa mahitaji ya watu. Kosa la wakoloni halishangazi. Kinachoshangaza ni kumsikia mtendaji wa taifa huru akilitetea kana kwamba ni kanuni ya uhandisi.

Baada ya Uhuru jiji lilitegemea barabara peke yake. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Shirika lilifanya kazi kubwa, lakini mafuta yalipanda bei, vipuri vikaadimika, na mabasi yakapungua huku abiria wakiongezeka. Mwaka 1983 Serikali ililazimika kuruhusu mabasi ya watu binafsi, yakapata jina la daladala kutokana na nauli ya shilingi tano, yaani dala. Miaka yote hiyo ya foleni na misukosuko, reli mbili zilikuwa zimelala ndani ya jiji.

Ilipofika Oktoba 2012 ndipo treni za abiria wa jijini zilipozinduliwa: moja katika Reli ya Kati kati ya stesheni ya Dar es Salaam na Ubungo Maziwa, na nyingine katika reli ya TAZARA mpaka Mwakanga. Ilikuwa miaka 36 tangu TAZARA ikabidhiwe. Wananchi walizipokea kwa furaha na kuziita treni za Mwakyembe, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo. Sifa hiyo ilimstahili aliyethubutu. Hata hivyo, jina hilo lina hatari ndani yake. Huduma inayoitwa kwa jina la waziri huonekana kuwa hisani yake, na hisani hutegemea aliyemo ofisini. Maji ya bomba na shule za msingi haviitwi kwa majina ya mawaziri. Vimekubaliwa kuwa haki, na usafiri wa mfanyakazi hauna budi kukubaliwa hivyo hivyo.

Wapinzani wa treni hizi wana visingizio vitatu. Cha kwanza ni hasara. Lakini hakuna anayeuliza barabara ya juu inaleta faida gani kwa mwezi. Septemba 2018 daraja la Mfugale lilifunguliwa katika makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, hatua chache kutoka stesheni ya TAZARA. Lilikuwa jambo jema, na halikudaiwa kukata tiketi ili lihesabiwe kuwa na manufaa. Kwa nini treni inayobeba mamia ya watu kwa mara moja idaiwe kile ambacho daraja la magari halidaiwi?

Kisingizio cha pili ni kwamba njia ni moja na mizigo lazima ipite. Hili ni tatizo la kweli, lakini dawa yake inajulikana na kila mwanareli: njia za kupishania, ishara zinazofanya kazi, na ratiba inayotenga saa za alfajiri na jioni kwa abiria. Cha tatu ni kwamba mabasi yaendayo haraka ya barabara ya Kilwa yanatosha. Njia hizo zinaishia Mbagala. Haziwafikii watu wa Msongola, Kivule na Majohe, wala hazimwondolei mkazi wa Chamazi basi la kwanza.

Suala hili haliwezi kungoja. Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China wa kuifufua TAZARA, wenye thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4. Ufufuo huo unastahili kuungwa mkono na kila mzalendo. Lakini mwekezaji hufuata shaba, kwa sababu ndiyo inayomrudishia fedha zake. Kazi ya kumkumbuka mwananchi ni ya Serikali na Chama, si ya mwekezaji. Saa za abiria wa jijini zisipowekwa katika mipango ya utekelezaji sasa, miaka 30 itapita huku mtoto aliyezaliwa leo Chamazi akiwa mtu mzima anayegombania mlango wa basi.

Mwalimu Nyerere aliufundisha mkutano wa TANU mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua. Taifa limekwisha kuonyesha kwamba likichagua reli, linaweza. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda Morogoro na Dodoma, na stesheni ya Dar es Salaam imejengwa kwa umbo la tanzanite. Watu wa pembezoni hawaombi tanzanite. Wanahitaji jukwaa lenye paa, taa, choo, maji, dirisha la tiketi na ratiba inayoheshimiwa. Wanahitaji barabara ya lami kutoka Chamazi kupitia Msongola na Kivule mpaka relini, na mabasi madogo yanayongoja treni. Chamazi ni Temeke na Kivule ni Ilala, lakini mpaka wa halmashauri usiwe kisingizio. Abiria hasafiri kwa ramani ya madiwani.

Viongozi wa matawi, wenyeviti wa mitaa, madiwani na wabunge wa Temeke na Ilala wana wajibu wa kulibeba jambo hili kutoka mikutano ya wananchi mpaka Wizarani, na kudai majibu yenye tarehe. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliagiza kwamba wananchi washirikishwe katika kupanga mambo yanayowahusu, na hakuna jambo linalomhusu mfanyakazi kila siku ya Mungu kuliko safari yake ya kwenda kazini. Reli ya Uhuru ilijengwa kwa mikono ya maelfu ya Watanzania. Ni haki yao na ya watoto wao kuipanda.