MTANGAZAJI NAYE NI MFANYAKAZI



Hapa Kiembeni twasikia watu wakisema mtangazaji mkuu wa habari si mfanyakazi, ati avaa tai na kusoma karatasi tu. Sisi wa reli twakataa! Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa, jirani yetu, alitolewa nyumbani tarehe 1 Agosti 1982 na askari wenye bunduki, akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Maneno hayakuwa yake, lakini roho iliyo hatarini ilikuwa yake. Dereva wa gari moshi akilazimishwa kupita taa nyekundu, chama humtetea. Mtangazaji akipewa uongo asome, atetewe na nani? Twamtaka katibu wa tawi awaalike watangazaji wa Mombasa mkutano ujao.