Pango la Makangale na Historia Yetu

Ipo dhana iliyopandwa na wakoloni, nasi tumeipalilia kwa mikono yetu, kwamba historia ya Pemba ilianza siku majahazi ya kigeni yalipotia nanga. Mgeni huonyeshwa magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini, kisha hadithi hufungwa. Twauliza: pango la Makangale, kule kaskazini, limekosa nini?

Humo yalipatikana mabaki ya mtu aliyeishi yapata miaka 1,400 iliyopita. Uchunguzi wa chembe za urithi, uliotangazwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa nasaba yake ni ya wawindaji wa kale wa Afrika. Mwingine, wa yapata miaka 600 iliyopita, alikuwa wa nasaba ya wakulima wa Kibantu.

Habari hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida la wataalamu. Mzee wa Micheweni aliyefunzwa kutoingia pangoni ovyo (wala hatumcheki, kwani hofu ya mizimu imelinda mapango mengi kuliko sheria) ataisoma wapi? Mifupa ni ya kwetu. Twadai taarifa yake kwa Kiswahili, na mwalimu awapeleke wanafunzi Makangale, taa mkononi, kabla ya kuwapeleka Pujini.